Mhojiwa Asiyetajwa Jina

Seremala mstaafu hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa mjukuu wake alijivuna bila haya. Binti huyo alisomea elimu ya jamii chuo kikuu, na alipotakiwa kuusoma utafiti wake hadharani, babu alizunguka nyumba za wazee wenzake wa ibada mlango kwa mlango, akiwaalika kana kwamba anamwozesha. Wazee hao walimheshimu. Tangu alipoiweka randa chini, kazi yake ilikuwa kupatanisha ndoa zilizotikisika katika jumuiya yao, na kazi hiyo ndiyo iliyomwamsha asubuhi.

Ukumbini aliketi katikati ya mwashi, rafiki yake wa tangu ujana, na kiongozi wao wa ibada.

"Umemwona bibi mdogo?" babu alimnong'oneza mwashi, akimwonyesha kwa kidevu mjukuu wake aliyekaa mbele.

"Nimemwona. Kakufuata nini wewe, mzee wa meno matatu?"

"Hekima."

"Basi maskini kapotea nyumba."

Mjukuu alianza vyema, sauti imetulia. Alieleza kwamba wataalamu wametofautiana juu ya kazi ya dini katika jamii: wako wanaoiona kuwa gundi inayowashikanisha watu, na wako wanaoiona kuwa kileo cha kuwasahaulisha wanyonge shida zao. Seremala alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo ya gundi aliyajua.

"Nitatoa mfano," binti akaendelea. "Mhojiwa wangu mmoja, ambaye jina lake nimelihifadhi, ni mzee mjane, fundi wa mbao aliyestaafu, aliyekatwa vidole viwili na msumeno. Ndiye msuluhishi wa ndoa katika jumuiya yake. Mzee huyu aliniambia kwamba tangu mkewe afariki hajaomba dua hata moja. Wenzake wanapoinamisha vichwa, yeye huchezesha midomo tu. Haendi kwa ajili ya Mungu. Anaenda kwa ajili ya watu."

Wahadhiri waliandika. Mwashi aliutazama mkono wa rafiki yake uliokuwa juu ya goti. Seremala aliutia mfukoni, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa.

Maneno yale aliyasema jikoni, mjukuu akimenya viazi. Maswali ya utafiti yalikuwa yamekwisha, na simu ya kurekodia imezimwa. Binti aliuliza tu, kama mtoto anavyomuuliza babu yake, "Babu, ukiwa peke yako unamwambia nini Mungu?" Naye akamjibu jambo ambalo hata mwanawe wa kumzaa hakuwahi kumwambia.

Nje ya ukumbi mwashi hakuwa na mzaha tena.

"Mwaka jana ulitupatanisha mimi na mke wangu. Ulitushika mikono, ukafumba macho, ukatuombea. Siku ile ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nawatakia heri, ndugu yangu. Kwa moyo wangu wote."

"Heri hata muuza mitumba hunitakia."

Akaenda zake. Kiongozi wa ibada alibaki kidogo, akisafisha miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Wale wanandoa vijana wa kesho nitawapeleka kwa msuluhishi mwingine. Si kwa ubaya, mzee mwenzangu. Pumzika kwanza."

Seremala alikuwa angali amesimama pale pale, mjukuu alipotoka mbio, uso unang'aa.

"Babu! Wamenisifu! Wamesema ule mfano ndio uliobeba kazi yote!"

"Uliubeba vizuri. Umeniacha mimi chini."

Tabasamu la binti likanywea. "Lakini jina sikulitaja, Babu. Ndiyo kanuni yetu."

"Nionyeshe mtu mmoja mle ndani aliyelihitaji."

"Sikujua kwamba umewaleta wazee. Nilikuwa nawatazama wahadhiri tu."

"Na kama nisingewaleta, maneno yale yangekuwa yako? Mimi jikoni nilidhani nazungumza na mjukuu wangu."

Binti alianza kulia. Alisema kwamba hakukusudia kumdhalilisha, kwamba utafiti wenyewe unathibitisha jinsi dini inavyowaunganisha hata wale waliopungukiwa imani.

"Na mimi leo umeniunganisha na nani?"

Binti akaahidi kukifuta kipande kile usiku huo huo.

"Karatasi utafuta. Mwashi utamfutaje?"

Alitoa leso akampa, kwa maana hakuweza kumwona akilia bila kumpa kitu. Binti alijifuta macho, akauliza kwa sauti ndogo kama bado anaruhusiwa kuja mwisho wa juma.

"Kwangu ni kwenu, utakuja. Utapika, tutakula. Tutazungumza habari za mvua na bei ya mbao." Akaanza kushuka ngazi peke yake, ameshikilia ukuta. Binti alipomkimbilia amshike mkono, aliukubali mkono. Njia nzima alizungumza habari za mvua.