Kengele Mbili za Ödön

Kengele ililia mara mbili. Mara moja ni nzuri; mbili maana yake sauti imeharibika, rudieni.

"Tena?" Piroska alimaka. "Mungu wangu, mara ya tisa hii!"

Mwaka ule filamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuimba, na pale studio Budapest hata mwongozaji, Bwana Halász, na makeke yake yote, hakufua dafu mbele ya fundi wa sauti. Fundi mwenyewe, Ödön, alijifungia katika kibanda kilichozibwa kwa mablanketi, visikilizio masikioni, na kengele yake haikuwa na rufaa.

Huyo Ödön alikuwa mchumba wa Piroska. Miaka saba! Pete kamvisha, ndoa haitaji. Mkobani Piroska alikuwa na mkataba wa kuimba Vienna. Ödön aliuona, akanyamaza. Treni ni Jumamosi. Basi Piroska alijiapia: asiponizuia kabla picha hii haijakwisha, natia sahihi. Na jinsi moyo wake usivyotaka kwenda!

Katika picha, Piroska ni mwimbaji wa mkahawa anayeachwa na mpenzi wake, Lóránt. Anaimba, analia, wanabusiana kwaheri. Lóránt aliigizwa na Tihamér, mtanashati aliyekula soseji za kitunguu saumu asubuhi, mchana na katikati.

"Mwenzangu, si utafune hata mnanaa?"

"Bibie, wanawake nchi nzima wanaililia midomo hii."

"Waite basi, waje wanipokee zamu."

Mara ya kumi. Wimbo safi, machozi safi, busu likapita. Kengele, mbili!

Hapo Piroska akang'amua. Kengele hailii ila baada ya busu. Kumbe lile jitu lina wivu! Linakataa busu moja, linaletewa jingine. Alitaka kucheka, akapandwa na hasira. Miaka saba hana ulimi, leo anasemea kengele?

Mara ya kumi na moja aliimba ameinamia chombo cha maua kilichofichwa maikrofoni ndani yake. Alipotakiwa kulia, "Lóránt, usiniache," akalia, "Ödön, mbona huniambii nisiende?" Sauti ikamkatika, na hapo hakuwa akiigiza hata kidogo. Tihamér, hana habari, akambusu.

Kengele ikalia. Mara moja tu.

"Nzuri?" Halász aliruka. "Nzuri kivipi? Kamtaja nani huyu?"

Ödön alitoka kibandani, macho mekundu, waya unaburuzika. "Mimi sijasikia kosa." Akamgeukia Piroska. "Usiende. Tuoane Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii."

Filamu mbichi ilikuwa imekwisha, hakuna ya kurudia, kwa hiyo kilio kilibaki vilevile. Siku picha ilipoonyeshwa, bibi mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Lóránt kaenda wapi? Na huyu Ödön ndiye nani tena?"

Piroska, aliyeketi mbele yao, aligeuka. "Ni mume wangu, mama. Hebu tulia usikilize sauti ilivyo nzuri."