Upindo wa Bibi Sekalinga

Asubuhi moja ya Septemba 1956, Lusia alikuwa akipalilia maua ya airisi katika shamba la Bwana Harwood, juu ya Nyololo, alipouona upindo wa nguo ya bibi yake. Ulikuwa kwenye ua jipya: petali nyeupe, na ukingoni mishono midogo ya zambarau, yote imelalia kushoto, kwa maana Bibi Sekalinga alishona kwa mkono wa kushoto. Mahali pamoja palikuwa na pengo. Hapo ndipo alipoishiwa uzi, akasema atamalizia kesho. Alizikwa na nguo hiyo.

"Kamwene, bibi," Lusia alimwamkia kwa Kihehe, akaendelea kung'oa magugu.

Mpishi Andendekisye, Mnyakyusa aliyekuja na Bwana kutoka Mbeya, alipita na ndoo akasimama kutazama.

"Ninyi Wahehe, dada! Hata maua mnayapiga upindo."

"Na ndizi zenu huko kwenu zinatembea uchi?"

Bwana alikuja, akavaa miwani, akafurahi. Alieleza kwamba wazazi wa ua hilo walikuwa zambarau tupu. Yeye ndiye aliyepaka chavua ya mmoja kwa mwenzake, na Lusia akafunga uzi kwenye kikonyo ili lijulikane. Ule weupe wenye ukingo ulikuwa umejificha ndani ya wote wawili. Rangi, alisema, huweza kumruka mtoto ikamtokea mjukuu.

Lusia aliona ni kweli. Mjukuu alikuwa yeye.

Akamweleza Bwana kwamba chini ya tuta la maua hayo wamelala watu wa kwao. Trekta lilipita juu yao mwaka ule Bwana alipopewa shamba, na mawe ya makaburi ndiyo yaliyopangwa kuizunguka bustani. Sasa bibi amejitokeza. Aliomba tuta lizungushiwe uzio, liachwe, na ua liitwe Sekalinga.

Bwana alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Akasema aliambiwa ardhi hii haikuwa na mtu. Kisha akauliza kama lile pengo lingeweza kuzibwa, kwa sababu maonyesho ya Iringa yalikuwa karibu.

Lusia alileta sindano. Alishona mishono iliyobaki kwa mkono wa kushoto, aliourithi, huku akisali kimoyomoyo. Alikumbuka harufu ya moshi na maziwa katika nguo ile, enzi alipobebwa nayo mgongoni, na sauti ya bibi aliyoisikia kupitia mgongo kabla ya kuisikia kwa masikio. Petali haikuchanika.

Ua lilishinda Iringa. Bwana aliliita kwa jina la mama yake, aliyezikwa kwao Ulaya chini ya jiwe zuri, mahali ambapo, alisema, hakuna apitaye bila kuvua kofia.

Mwaka uliofuata tuta lilipanuliwa, trekta likapita tena. Maua yote yalichanua na upindo uliotimia. Kila asubuhi Lusia alipiga magoti mbele ya maua hayo, kama mjukuu anavyomwamkia bibi, na Bwana, akiwa barazani na wageni, alimsifu kwamba hakuna apaliliaye vizuri kama yeye.