Farasi wa Gari la Bath

Reli ilipofika kwetu, watu walikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Niliwafukuza. Nyumba yangu ya wageni, Kengele, iko kwenye barabara iendayo mji wa Bath, na tangu nikiwa mtoto magari ya abiria yalikuwa yakiingia uani kubadilisha farasi. Abiria walishuka kula mbiombio, na mara nyingi tarumbeta ya safari ilipulizwa mtu akiwa na tonge mdomoni. Sasa wote walipanda treni. Kwenye lango la ushuru, mtoza ushuru alikuwa amepanda kabichi mpaka barabarani, na hapakuwa na gurudumu la kuzikanyaga.

Kufunga nyumba sikutaka hata kusikia. Nilizaliwa jikoni mle.

Bwana Cottrell, mwenye hoteli mpya mjini, alinunua farasi wanne wa gari la mwisho la Bath kwa bei ya kutupa. Akamwajiri na dereva wao, Obadiah Pym, awachukue abiria stesheni na kuwafikisha hotelini. Njia ilipita mlangoni kwangu.

Siku ya kwanza nilikuwa nageuza nyama motoni, nikasikia magurudumu uani. Farasi walikuwa wamekata kona wenyewe, wakasimama pale walipozoea kufunguliwa na kupokewa zamu na wenzao.

"Twendeni, nyie!" Obadiah akafoka. Wapi! Hawakusogeza hata ukwato.

"Una nini, Obadiah?"

"Mimi? Waulize hawa, Bi Keziah. Miaka yote kazi yao imeishia hapa. Leo niwaambie nini?"

Bibi mmoja mnene akatoa kichwa dirishani. "Hiyo harufu ni ya kondoo?"

"Ya kondoo, mama. Na siku hizi hakuna wa kukupulizia tarumbeta. Kula mpaka ushibe."

Wakashuka wote.

Ikawa hivyo kila treni ilipofika. Waliofika hotelini walifika wameshiba, wanataka kitanda tu. Haikupita wiki, Cottrell akaja amefura.

"Unaniibia wageni, Bi Keziah Tranter!"

"Nimetoka hata mlangoni? Kagombane na farasi wako."

"Nitawauza!"

"Wauze, baba."

Akawapeleka mnadani kweli. Watu walicheka, nani atawataka farasi wanaojiamulia pa kusimama? Niliwataka mimi. Obadiah akaja nyuma yao bila kuitwa, akatundika koti lake zizini. Moyo wangu ulijaa, lakini nilimwambia tu avute kiti ale.

Jumatatu yake magari mawili yaliisubiri treni stesheni. La Cottrell lilikuwa jipya, rangi bado inanuka, na farasi vijana wasiojua nyumba ya mtu. Langu lilikuwa kuukuu, linalia kila mahali. Nilisimama kando ya mlango wake.

Abiria waliposhuka, Cottrell akapanda juu ya kreti.

"Huku, mabibi na mabwana! Langu halisimami popote! Moja kwa moja mpaka mjini!"

Yule bibi mnene alikuwa amerudi, safari hii na dada zake wawili. Alimtazama Cottrell, akatazama treni inayofuka moshi nyuma yake.

"Toka alfajiri nimepanda kitu kisichongoja mtu ale," akasema. "Na wewe unaniletea kingine?"

Akanipa mkono nimpandishe. Wengine wakamfuata, na dada mmoja ikabidi akae mbele na Obadiah.