Blanketi la Chachu

Siku ya karamu ya askari wa zamani pale Ismailia, ukitaka kujua nani alikuwa nani vitani, usimwulize mtu. Tazama amekaa meza gani. Watu wa vifaru wako mbele, chini ya feni. Watu wa mizinga ubavuni mwao. Wahandisi waliotandaza madaraja ya kuvukia mfereji wana meza mbili, na bado wanagombania viti. Halafu huko nyuma, mlangoni mwa jiko, ipo meza inayoitwa Wengineo: madereva wa magari ya maji, wafua nguo, washona viatu na waoka mikate. Ubaya wa meza hiyo ni kwamba kila mpishi anayepita humwambia mtu, "Hebu nishikie hili sinia." Chai inapofika, Wengineo wote wameshageuka wahudumu.

Fundi Bayumi alikuwa amechoka kuwapelekea watu wa vifaru wali wa samaki. Mwaka huu alikula yamini: kikosi cha mikate kitakaa meza yake chenyewe, na yeye ataletewa.

"Kwani ukikaa nyuma samaki anazidi miba?" mkewe, Insaf, alimwuliza.

"Mama Karima, wewe hujui. Mwaka jana Shauki aliniita hivi." Bayumi akapiga makofi mawili, kama mtu anayemwita mtumishi mkahawani. "Mimi! Mtu aliyemlisha vita vizima!"

Huyo Shauki, sajini wa vifaru na mwenyekiti wa chama, alikuwa na sheria yake, na hakuna aliyewahi kuitikisa. Kikosi kinachotaka meza lazima kisimamishe watu watatu waliokuwemo, na historia yao isimuliwe mbele ya ukumbi kabla sufuria hazijafunuliwa. "Wawili wanaweza kupatana kusema uongo," alikuwa akisema. "Watatu watagombana tu."

Sasa, wa kikosi cha mikate waliobaki mjini walikuwa watatu kamili. Bayumi mwenyewe. Ghattas, Mkristo mpole wa mtaa wa kanisani, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kikombe cha kahawa. Na Mahrus. Hapo kwa Mahrus ndipo penye mfupa.

Kisa chao mji mzima unakijua. Majira ya baridi, baada ya jeshi kuvuka mfereji, ndege ziliuona moshi wa matanuri yao kule jangwani, na alfajiri ikaja amri ya kuhama. Unga ungepatikana kwingine, kuni vilevile. Chachu, hapana. Ilikuwa ikilishwa unga na maji tangu kambi ya mafunzo, na ikipigwa na baridi ikafa, kikosi kingeoka vigae. Basi mtu mmoja aliifunga kwenye blanketi lake, akaipakata kama mtoto mchanga juu ya lori lisilo na turubai, na jioni yake mkate ukaumuka.

Blanketi la nani? Bayumi anasema lake. Mahrus anasema lake. Vita vilipokwisha kila mmoja alifungua duka la mkate na kuwasimulia wateja toleo lake, mpaka wanawake wa Ismailia wakawa wananunua mkate kwa kufuata madhehebu. Wawili hao walikuwa wakisalimiana mazikoni tu, tena kwa kuwa marehemu anasikia.

Insaf ndiye aliyefungua njia. Alimvizia mke wa Mahrus sokoni penye mizani ya samaki, wakasemana, wakachekana, na kesho yake Bayumi akaenda mwenyewe. Alimkuta Mahrus mbele ya tanuri, unga mpaka kwenye nyusi.

"Leo jua limetokea magharibi," Mahrus akasema bila kugeuka. "Mkate umekuishia, Haji? Nikufungie mizuri?"

"Nimekuja kwa ajili ya meza."

"Nimesikia. Wake zetu hawajaacha kitu." Akavuta mikate, akaitupa kwenye kichanja. "Nitakuja. Lakini msimulizi ni mimi. Na wewe utakaa kimya kama huo mkate."

Bayumi alimeza mate. Yalikuwa machungu, lakini aliyameza. "Haya."

Aliporudi na kumweleza mkewe, Insaf alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, wake upande mmoja na umbea wao, wanaume upande wa pili na umbea wa kwao. Harufu ya kitunguu kilichokaangwa ilikuwa imeshawalegeza watu. Mahrus alisimama kwenye suti inayonuka dawa ya nondo ya kabatini, akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Sisi," akasema. "Sisi tulioka."

Ukumbi ukangoja.

"Mikate."

"Ala!" akadakia mtu wa vifaru. "Mimi nilidhani mlioka vifaru!"

Kicheko kikapasuka. Mahrus alifungua mdomo, akaufunga, jasho likamshuka kwenye ukosi. Shauki alitupia macho sufuria. "Ahsante, Fundi. Labda mwaka ujao mkijiandaa..."

Bayumi alishikilia kiti chake kwa mikono miwili. Alimfahamu Mahrus tangu kambini: mtu asiyeweza kusema maneno matano akiwa na amani, na asiyeweza kunyamazishwa akiwa na hasira. Lakini ahadi ni ahadi. Pembeni yake Ghattas alikuwa akitafuna achari ya figili bila wasiwasi wa dunia hii. Mpishi akatokea mlangoni na sinia la kwanza, akaangaza nani amshikie, macho yakatua kwa Bayumi.

Bayumi akasimama.

"Jamani msimlaumu," akasema kwa sauti ya huruma. "Maskini atasema nini? Siku ile alikuwa amelala. Blanketi lilikuwa langu."

"Lako?" Kipaza sauti kilipiga yowe. "Lako, ewe mdomo wa bata? Wewe uliyekuwa umejifunika mawili na soksi kichwani? Sikilizeni, watu!"

Na watu wakasikiliza. Mahrus alisimulia upepo uliokuwa unakata kama wembe, na jinsi alivyobaki na shati tupu ili chachu isizimike. Alivyoiweka tumboni na kuihisi ikipumua. Lori lilivyokwama mchangani, wakalisukuma huku wanaitazama mbingu. Jinsi walivyochimba matanuri upya kwa mabeleshi na masufuria, mikono ikavimba, na kabla ya jua kuzama mkate wa kwanza ukaondoka kwenda mstari wa mbele, wa moto.

"Na nani kati yenu hakuula? Asimame!"

Hakusimama mtu. Kutoka meza ya vifaru mzee mmoja akasema, "Mimi niliula. Ulikuwa na mchanga."

"Mchanga ulikuwa wako! Nani alikwambia uufungue nje?"

Ukumbi ukaangua kicheko tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha nyumbani. Mzee yule hakuketi. "Niliutia ndani ya shati kwanza," akasema taratibu. "Nikaota moto wake, ndipo nikala."

Shauki akajikuna kidevu. "Wawili nimewasikia. Wa tatu je? Ghattas, ni kweli?"

Ghattas akafuta midomo. "Kweli tupu."

Mahrus akavimba kifua.

"Ila blanketi lilikuwa langu," Ghattas akaongeza. "Hawa wote wawili walikuwa chini, wanasukuma lori."

"Mwongo!" Bayumi na Mahrus wakafoka kwa mkupuo mmoja, kisha wakatazamana, kila mmoja ameshangaa kukuta mwenzake upande wake.

"Niliwaambia nini?" Shauki akasema, akipiga meza kwa furaha. "Watatu ndio hawa. Wapeni meza!"

Wakapewa katikati ya ukumbi, chini ya feni ya pili, ile isiyozunguka. Mtu wa vifaru aliyekuwa amewacheka ndiye aliyewaletea sinia, na Bayumi akampigia makofi mawili amwongezee ndimu. Kule upande wa wake, Insaf na mke wa Mahrus walikuwa wameshaegemeana kwa kucheka.

Mkate wa siku ile ulikuwa umetoka duka la Mahrus. Bayumi aliumega, akaunusa, akatafuna bila haraka huku mwenzake anamkodolea macho.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Chachu je?"

Bayumi akamega kipande cha pili. "Chachu," akasema, "ni ileile." Kisha akasogeza kiti karibu na Mahrus, wakamgeukia Ghattas. "Haya, wewe mzee wa figili. Hilo blanketi lako lilikuwa la rangi gani?"