Siku Lhota Iliposogea

Nyumba yetu ilipoanza kutembea, shangazi Barbora alikuwa anakanda unga. Nilimwona kupitia dirishani, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. Kila magogo yalipozunguka chini ya sakafu aliyumba kidogo, kisha akarudi kuupiga unga kana kwamba wenye makosa ni unga. Moshi ulitoka kwenye bomba kama siku nyingine yoyote. Farasi ishirini na wawili walivuta, Bwana Jindra aliyesimamia uhamaji akapiga mayowe, na jiko, kitanda, picha ya Bikira na shangazi yangu vikaondoka mbele ya macho yangu, polepole, vikielekea relini.

Mimi nilibaki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kuku wanne ndani ya kikapu, na ubao.

Sijui kama nitayaeleza haya vizuri. Hayakai kwa mpangilio kichwani mwangu. Wakati mwingine naona moshi kwanza, wakati mwingine naona buti kwanza. Mara nyingine nauona uwanda mtupu tu, theluji na anga rangi moja, nami nimesimama katikati sijui nimetokea wapi.

Lhota ilikuwa na nyumba kumi na saba, kanisa, duka na shule. Sote tulikuwa Wacheki, tumetupwa katikati ya Nebraska mahali ambapo hakuna mlima wala mti wa kumwonyesha mtu kwamba amefika. Ulipotaka kujua uko wapi, uliangalia nyumba. Kisha reli ikapita maili saba kusini kwetu, na wanaume wakakaa kanisani Jumapili moja baada ya misa wakaamua: ardhi ikiganda vya kutosha, tunazipandisha nyumba kwenye magogo, tunaenda. Hakuna aliyelia. Walijadili farasi na kamba kama watu wanaojadili kuhamisha kabati.

Shule ilitangulia. Niliiona ikienda na ubao wake na kengele yake, nami nikiwa katikati ya kitabu cha tatu. Kule relini iliingiwa na watoto wengine na mwalimu mwingine aliyetaka kila mtoto asimame aseme jina lake kwa sauti. Nilisimama siku moja. Jina halikutoka. Sikurudi tena, na kile kitabu sijakimaliza hadi leo.

Ndivyo nilivyokuwa. Mgeni akigonga, mimi nilikuwa chini ya meza kabla mlango haujafunguliwa. Shangazi alizoea kuwaambia watu, "Ninaye mtoto, lakini mtamwona miguu tu."

Nyumba kumi na sita ziliondoka. Yetu ilibaki kwa sababu shangazi hakutaka.

"Bi Barbora," Bwana Jindra alimwambia mlangoni, barafu ikining'inia kwenye masharubu yake, "farasi wamevaa, magogo yamevaa, ni wewe tu ambaye hujavaa. Mji mzima umebaki mlango mmoja, nao ni wako!"

"Hama wewe. Nenda ukaoe hiyo injini yako."

"Injini haina maneno kama yako, ningeioa zamani." Kisha akaacha mzaha. "Wiki ijayo ardhi italainika. Ikilainika, nyumba hii haitoki tena. Mtabaki wawili na upepo."

"Na Matěj akirudi, atagonga wapi?"

Matěj ni baba yangu. Nzige walipokula mahindi, kisha vitunguu ndani ya udongo, kisha mipini ya majembe, alienda kwenye machimbo ya makaa ya Wyoming. Nilikuwa na miaka saba. Mama yangu alikuwa ameshakufa kwa kunizaa, kwa hiyo nililelewa na shangazi, dada yake baba. Barua zilikuja tatu. Zote ziliandikiwa anwani ya Lhota. Sasa Lhota ilikuwa haina posta, na mji wa relini ulikuwa umepewa jina na watu wa reli wenyewe: Marsden. Barua ya Lhota ingefika wapi, hakuna aliyejua.

Bwana Jindra hakuliona tatizo. "Lhota haijaondoka, imesogea tu. Nyumba inaacha njia pana kama mto. Mtu mzima ataona njia aifuate!"

Hivyo ndivyo wote walivyoamini, watu waliozaliwa kwenye theluji. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba itaanguka tena na kuifuta njia hiyo.

Shangazi pekee ndiye aliyefikiri. Alikubali kuhama kwa sharti moja. Alichukua ubao wa kitanda cha baba, akaandika kwa lami: MATĚJ. TUKO MARSDEN, MAILI SABA KUSINI. NYUMBA NI ILE ILE. Ubao usimame palepale penye mlango, si hatua moja kando, maana kaka yake atakuja moja kwa moja mlangoni. Na kwa kuwa mlango wenyewe bado ulikuwa pale, ubao ungeweza kusimamishwa tu baada ya nyumba kuondoka. Yeye alipaswa kubaki ndani kulinda jiko. Lisilolindwa lingeweza kumwaga makaa njiani.

"Utaweza?" aliniuliza.

"Nitaweza."

"Kisha fuata moshi. Nyumba inaenda polepole kuliko wewe."

Ilipokwenda, kilichobaki kilikuwa shimo. Handaki letu la viazi, ambalo maisha yangu yote lilikuwa giza chini ya zulia, sasa lilikuwa wazi, linatazama mbingu, na ngazi yake imeegemea hewa. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Nilipiga mguu wa ubao kwa jiwe mpaka mkono ukafa ganzi, haukuingia hata inchi. Ndipo kuku mmoja akatoka kikapuni, akatafuta kibanda chake kisichokuwepo, akakimbia huku na huku, akatumbukia handakini.

Nilishuka kumfuata. Pembeni kule chini kulikuwa na matofali ambayo ningeweza kuuegemezea ubao. Na ubao nilishuka nao, kwa sababu upepo ulikuwa unautamani.

Nikiwa chini, nikasikia nyayo.

Theluji iliyoganda haifichi mtu. Hatua moja, hatua moja, bila haraka, kisha kimya. Nilijisukuma chini ya rafu ya viazi, ubao nimeukumbatia kifuani. Niliona buti mbili ukingoni, moja imefungwa kwa waya. Niliona upindo wa koti. Nilipoinamisha shingo niliona ndevu kutoka chini, zimejaa barafu, na matundu mawili ya pua yakitoa mvuke.

Alizunguka pande zote nne za shimo kama mtu anayetafuta pa kuingilia. Kisha akasema, kwa lugha yetu, si kwa sauti kubwa:

"Hata nyumba wamekula."

Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi. Anayejua nzige wa mwaka ule ndiye anayeweza kusema hivyo. Lakini nzige walizijua nyumba kumi na saba, na mashamba yote yaliyozizunguka, na vijana wengi walitawanyika mwaka ule. Sauti ilikuwa ya baba? Nilikuwa na sauti ya baba masikioni kwa miaka minne, nikiisikiliza kila nilipotaka. Yule mtu alipofungua mdomo, ile niliyokuwa nayo ikapotea, na hii mpya ikakaa mahali pake. Tangu hapo nikimkumbuka baba akiniita, ananiita kwa sauti ya handakini.

Kuku alilia karibu na goti langu. Yule mtu akainama. Alimwona kuku, mimi nilikuwa gizani.

"Na wewe wamekusahau?" akamwambia.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka baridi ikiingia kwenye meno. Hakuna kilichotoka. Haikuwa woga, ingawa baadaye nilijaribu kujiambia kwamba ni woga, kwamba shangazi alikuwa amenionya kuhusu wazururaji wa relini. Ilikuwa ile hali yangu ya chini ya meza. Nilingoja tu mgeni amalize aende, kama nilivyongoja wageni wote.

Akaenda.

Nilipopanda juu alikuwa kidoa cheusi. Ningeweza kukimbia. Badala yake nilipanga matofali, moja, mawili, matatu kila upande, kwa uangalifu mkubwa kabisa, nikausimamisha ubao palepale penye mlango, si hatua moja kando. Ulisimama vizuri. Kisha nikachukua kikapu nikafuata moshi.

Niliikuta nyumba maili ya tano, farasi wanapumzika. Harufu ya mkate ilikuwa imeenea uwandani. Shangazi alinivuta ndani, akaniketisha karibu na jiko, akanipa kolache, andazi letu lenye tunda la plamu, iliyotoka motoni wakati ule ule.

"Ubao umesimama?"

"Umesimama."

"Hakupita mtu?"

"Hakupita."

Nikala. Ilikuwa tamu, naona aibu kusema jinsi ilivyokuwa tamu.

Usiku ule theluji ilianguka ikafuta njia zote za nyumba. Kule Marsden walizipanga zetu kama zilivyokuwa Lhota, jirani kwa jirani, duka mkabala na kanisa, watu wakafurahi wakasema hakuna kilichobadilika. Isipokuwa Bwana Jindra aliugeuza mtaa mzima ili uitazame reli. Nilipoamka asubuhi ya kwanza, kitanda kilekile, ufa uleule darini, jua lilikuwa linaingia upande usio wake. Nililala tena nikidhani ni jioni. Kwa wiki nyingi nilitoka kwenda kisimani nikajikuta kwenye zizi la jirani. Hata sasa, nikifumba macho na kuulizwa kaskazini ni wapi, ninazo kaskazini mbili.

Majira ya kuchipua Bwana Jindra alipita kule. Ubao haukuwepo. Kwenye nchi isiyo na miti ubao haukai. Kuna mtu aliuchoma kupikia supu. Shangazi alisikia, akafuta meza iliyokuwa safi.

Baba hakuja. Barua haikuja.

Nilikaa na jambo hili miaka minane. Si kwamba nililificha. Nililishika tu, kama nilivyoushika ule ubao. Majira ya baridi yaliyopita tulikuwa tunachambua manyoya ya bata bukini, mimi na shangazi, mlima mweupe katikati ya meza. Kwa kazi hiyo hutakiwi kufungua mlango, wala kucheka, wala kupumua kwa nguvu. Labda ndiyo maana niliweza. Niliongea kwa pumzi ndogo.

"Shangazi, siku tulipohama alipita mtu."

Vidole vyake havikusimama. "Mtu gani?"

Nikamweleza. Buti, waya, ndevu, maneno yake, kuku. Nilipofika kwenye kuku, vidole vikasimama.

"Alikuwa anachechemea?"

"Sijui. Alitembea polepole."

"Mrefu?"

"Nilikuwa shimoni. Kila mtu angekuwa mrefu."

"Sauti yake je?"

"Kama ya mtu mwenye baridi."

"Watu wote wana baridi, Zdenka!"

Manyoya yakaruka. Yalipanda hadi darini, yakaanza kushuka juu ya nywele zake, mabegani, ndani ya kikombe cha kahawa. Hakuyapangusa.

"Alielekea wapi?"

Nilinyoosha mkono kwenye dirisha. Kisha nikakumbuka kwamba dirisha lile, tangu tuhame, linatazama kwingine. Nikaugeuza mkono kwenye jiko. Kisha nikaushusha.

"Nilikupa ubao," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja kitu kilichopo mezani.

"Nilikuwa nao mkononi."

Akachomoa unyoya kwenye kahawa yake. Akasema huenda hakuwa yeye, kaka yake angetukana zaidi, angeutukana ukoo mzima wa Jindra. Akacheka kidogo. Kisha akasema lakini kwa kuku alikuwa na maneno mazuri siku zote, na hapo hakucheka. Akaanza kuyakusanya manyoya, moja moja.

"Kesho utaenda."

"Wapi?"

"Lhota."

"Lhota haipo, shangazi. Wamelima."

"Kuna anayelima, basi. Mtu aliyepita mara moja anaweza kupita mara mbili. Ubao hauna faida, watauchoma. Mwambie yule anayeishi pale. Kwa mdomo wako."

Nilienda kwa miguu. Maili saba si mbali, ila sikuwa na moshi wa kufuata. Nilitafuta shimo, nikaona mabua ya mahindi yametoboa theluji, mistari na mistari, yote sawa. Nilisimama mahali nikasema ni mlangoni petu, kisha nikasogea hatua ishirini nikasema la, ni hapa. Ingeweza kuwa popote.

Kulikuwa na nyumba mpya ya udongo na mwanamke akiwalisha nguruwe, mwekundu wa mashavu, Mswidi kwa kumtazama. Aliniona ninavyozunguka shambani kwake.

"Wewe binti! Umepoteza nini huko?"

Miguu yangu ilitaka kugeuka. Hapakuwa na meza, hapakuwa na rafu, pande zote palikuwa wazi. Nilimwendea.

Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi. Nilimwambia akipita mtu akiulizia Lhota, amwambie Lhota ni Marsden, maili saba kusini, nyumba ya pili baada ya kanisa, Barbora na Zdenka.

"Mtu gani huyo? Yukoje?"

"Sijui."

"Sasa nitamjuaje?"

"Usimjue. Mwambie yeyote."

Alinitazama, ndoo mkononi, akiamua kama nina akili timamu. Kisha akajaribu kuyarudia. Alisema mashariki. Nikasema kusini. Alisema Sanka. Nikasema Zdenka, akakosea tena, nikalisema tena, kwa sauti zaidi, hadi nguruwe wakainua vichwa. Mara ya nne alilisema sawasawa, akaingia ndani na ndoo yake.

Nilibaki pale kidogo. Theluji ilikuwa imeanza, nyembamba, nami nikawa natafuta upande niliotokea.