Sanduku la Muuru

Asubuhi ya Iddi, Karwirwa alifungua kasha lake, akatoa leso mpya ambayo bintiye alimnunulia kwa ajili ya siku hiyo, akajifunga. Binti huyo, Rukia, alifariki katika kumi la mwisho la Ramadhani, kwa kichomi, baridi ya Julai ikiwa imeikaba Mikinduri yote, na akazikwa kabla jua halijatua, kama wanavyozikwa Waislamu. Siku tatu za kumlilia mtoto zilikwisha jana. Dini haikumpa mama siku ya nne, na Karwirwa, aliyesilimu kwa hiari yake na kuitwa Mariamu, hakutaka kuiomba dini punguzo eti kwa sababu leo ni nzito.

"Naumia, tena sana," aliwaambia wanawake wa msikitini waliokuja kumsaidia kupika. "Lakini Iddi nitaila. Nisipoivaa leso hii leo, nitakuwa nimemnunia Mungu kwa kuchukua kilicho chake."

Basi pilau lilikuwa motoni, na watoto wa madrasa, wanafunzi wa Rukia, wamejaa uani na nguo zao mpya, pikapu ilipoingia. Nyuma yake ilibeba gunia la maharagwe ya njahi, mikungu ya ndizi, na jeneza.

Akashuka Naftaly, kaka yake wa pekee, seremala wa Kanyakine, kavaa koti lake la kanisani. Tangu dada yake asilimu, Naftaly hakuwa amekanyaga pale, na hilo jina la Mariamu hakuwahi kulitamka. Hata shemeji yake alipokufa hakuja. Ndiyo maana hakujua Waislamu huzika vipi. Habari za Rukia alizipata kwa mchuuzi wa miraa. Naye, kama Mmeru yeyote mwenye akili timamu, akajua mazishi ni wiki ijayo, baada ya matanga na mazoezi ya kwaya. Akajifungia karakanani akachonga sanduku la muuru, ule mti mgumu wa Meru.

"Mtoto yuko mochari gani?" aliuliza. "Nimeleta sanduku."

Karwirwa alimsogelea.

"Tulimzika, kaka. Siku ile ile."

"Mkamzika na nini?"

"Na sanda."

Naftaly aliitazama leso mpya, akaitazama sufuria ya pilau, uso ukamwiva kwa hasira. "Mtoto wetu mmemfukia kama mbegu ya maharagwe, halafu mnapika pilau? Marete, washa gari twende!"

Marete, dereva, alishika ufunguo bila haraka, macho yake yakiwa kwenye sufuria. Alikuwa ametoka Kanyakine bila hata chai.

Karwirwa alijua gari hilo likitoka langoni, hana kaka tena. Alikuwa amemzika mume, amemzika mtoto; huyu wa tatu alikuwa mzima, na hakuwa tayari kumzika akiwa anapumua. Akaushika mlango wa pikapu.

"Ukitaka kwenda, utaenda. Lakini kwanza njoo umsalimie Rukia. Yeye alikuja kwako kila likizo. Leo ni zamu yako."

Kaburi lilikuwa nyuma ya msikiti wa mabati, udongo bado mbichi, bila msalaba, bila picha, bila shada la maua.

"Yuko hapa hivi hivi tu?"

"Amelala kwa ubavu, ameelekea Kibla. Nilimwosha mwenyewe, kaka. Kwa mikono hii. Hakuguswa na mgeni."

Naftaly alivua kofia. Akaitazama ile mikono ya dada yake, kisha akalia kwa sauti, mwanamume mzima, bila kujificha.

"Nilidhani mmeharakisha ili mmalize," alisema.

"Kuharakisha ndiyo heshima yake."

Alijifuta uso kwa kofia. "Kila likizo aliniomba marufaa, vile vibao vya kuwekea msahafu. Alisema watoto wanasomea magotini. Mimi namjibu mbao zangu haziingii msikitini. Anacheka, likizo ijayo anauliza tena."

"Aliniambia wewe ni mgumu kama muuru," Karwirwa alisema, "lakini hata muuru huchongeka."

Waliporudi uani, Naftaly alitoa nyundo chini ya kiti cha pikapu, akaushambulia msumari wa kwanza wa jeneza.

"Fundi!" Marete aliruka. "Umerukwa na akili?"

"Lete msumeno. Halafu ukale."

Ilipofika alasiri jeneza halikuwapo. Palikuwa na safu ya marufaa ya muuru, na ubao wa kifuniko, ambao Naftaly alikuwa ameuchoma jina RUKIA kwa chuma cha moto kule karakanani. Huo hakuupasua, jina lisikatike; ukawa wa kuwekea msahafu wa mwalimu, mbele ya wote. Watoto wakakaa, wakafungua misahafu, wakaisoma sura ya mwisho aliyowafundisha, kwa sauti iliyowasimamisha barabarani watu waliotoka sokoni. Karwirwa alisikia uchungu na furaha vikimjia pamoja, na furaha ndiyo iliyotangulia. Akainua mikono akamshukuru Mungu waziwazi.

Naftaly, sahani ya pilau mkononi, alikuwa ameukunja uso akitazama safu ya nyuma.

"Wale bado wanasomea magotini," alilalamika. "Nitarudi na mbao zingine. Sanduku limeisha, Mariamu. Watoto hawajaisha."

Karwirwa akamwongezea nyama.