Mkono wa Pili

Ijumaa moja ya Juni 1978, saa mbili asubuhi, Candiru wa kijiji cha Ajia, Uganda, alikuwa amepiga magoti akisiriba sakafu ya jiko lake kwa mavi ya ng'ombe na udongo mweusi. Pembeni ya michirizi ya vidole vyake ikaanza kujichora michirizi mingine. Mkono wenyewe haukuonekana, ila ulikuwa mpana kuliko wake na uliijua kazi. Candiru alisogeza ndoo katikati, wote wawili waifikie.

Hakuuliza ni nani. Alikuwa Mungu, nani mwingine angekuja mpaka Ajia kushika mavi ya ng'ombe?

Baada ya wiki mbili alishajua tabia yake. Akisiriba na moyo wote uko kiganjani, Mungu alisiriba naye. Akiwaza Koboko, michirizi ilikatika.

Na Koboko kulikuwa na la kuwazwa. Draku, mumewe, alikuwa amefungwa huko mwezi wa tatu sasa, katika kambi ndogo nyuma ya ghala la tumbaku, kwa kosa la kuwa na baiskeli mpya. Baiskeli sasa aliipanda sajini Laku wa kambi hiyo.

"Mwombe afungue mlango, mama," alisema Gaspard, katekista aliyetoka Zaire. "Si iko na wewe pale chini?"

"Nilimwomba, akaacha kusiriba. Nilipoacha kuomba, akarudi."

"Basi omba huku unasiriba."

"Mwalimu, wewe hujawahi kusiriba."

Ijumaa iliyofuata alipanda lori la tumbaku kwenda Koboko na ndoo yake. Pale kambini wanawake waliofuata watu wao walipewa kazi kwanza kabla ya kusikilizwa. Candiru akachagua sakafu ya ujia wa mahabusu. Alikuwa ameazimia kutowaza kitu mpaka mlango wa mwisho, ingawa nyuma ya mlango huo mtu alikohoa, na kikohozi kile alikuwa amelala nacho miaka kumi na moja. Udongo, kiganja, udongo. Mkono wa pili haukukatika hata mara moja.

Sajini Laku alikuja kukagua. Aliitazama michirizi ikijichora.

"Mama, huyu mwenzako iko na kitambulisho?"

"Hapana, afande."

"Lakini inafanya kazi muzuri. Ijumaa ingine mukuje wote."

Chini ya mlango wa mwisho palikuwa na uwazi wa vidole vinne. Candiru alisukumia donge la udongo. Kikohozi kikanyamaza. Kisha vidole vya Draku vikaanza kusiriba kutoka upande wake, vibaya kama siku zote, na michirizi ya mikono mitatu ikakutana chini ya ubao. Candiru hakuita jina. Alilainisha pale mumewe alipokosea.

Kufuli lilining'inia pale juu. Hakuna mkono uliolifikia.

Saa kumi alinawa, akatoka. Barabarani Laku alimpita na baiskeli, akapiga kengele kwa adabu. Candiru akapisha, kisha akainama kuokota mavi ya ng'ombe yaliyokuwa njiani, kwa kuwa Ijumaa nyingine ilikuwa imebakiza siku saba tu.